Jinsi ya Kuliandaa Duka la Rejareja Mjini Tanga kwa Zama za Ununuzi wa Mtandaoni

Mwenye duka la viatu, nguo, vyombo vya nyumbani au vifaa vya simu katika zile barabara zenye namba za Ngamiani leo ana mshindani asiyemwona. Mshindani huyo hana fremu Tanga, halipi pango Tanga, na pengine hajawahi hata kufika Tanga. Yuko Kariakoo, Dar es Salaam, na mara nyingi ni winga asiyemiliki mzigo anaoutangaza: hupiga picha bidhaa za maduka ya wenzake, akazitupia Instagram au kwenye makundi ya WhatsApp, akapokea fedha kwa simu na kupakia kifurushi kwenye basi. Mteja wa Chumbageni au Makorora huchagua akiwa amekaa barazani kwake, akatuma fedha, na kesho yake alasiri akaenda stendi ya Kange kuchukua mzigo wake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye duka ambaye ameanza kuona mauzo ya bidhaa fulani yakipungua pasipo sababu ya wazi, naye anataka kujua aufanye nini mtaji wake, rafu zake na fremu yake katika miaka inayokuja.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ununuzi wa mtandaoni hauliui duka kwa kuwa ni duka. Unachokiondoa ni faida ya umbali, yaani ile nyongeza ya bei ambayo mwenye duka aliipata kwa sababu tu yeye alikwenda Dar es Salaam na mteja wake hakwenda. Duka lililoishi kwa nyongeza hiyo peke yake litafungwa, liwe na matangazo au lisiwe nayo, ilhali lile lenye kazi nyingine ya kumfanyia mteja litabaki, na baadhi ya maduka ya namna hiyo yatakua. Kwa hiyo, kabla ya kufungua akaunti ya Instagram, ambayo ndiyo nasaha ya kwanza ya washauri wengi, mwenye duka apitie kwanza bidhaa zake moja baada ya nyingine, ajue kila moja inalindwa na nini.

Yaliyowakuta wenzetu

Ni vyema kuangalia kidogo yaliyotokea Marekani, kwa kuwa huko mambo haya yalianza mapema. Kampuni ya Amazon ilianzishwa mwaka 1994 na ikaanza kuuza vitabu mwaka 1995. Vitabu havikuchaguliwa kwa bahati: nakala ya kitabu iliyoko ghalani ni sawasawa na ile iliyoko dukani, haijaribiwi mwilini, haiozi, na huvumilia safari ya posta. Mwaka 2011 maduka ya vitabu ya Borders yalifilisika na kufungwa. Mwaka 2017 maduka ya vitu vya kuchezea ya Toys "R" Us nayo yaliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, ingawa hapo mtandao haukuwa sababu pekee, kwani kampuni ilikuwa imelemewa na deni kubwa lililotokana na namna ilivyonunuliwa mwaka 2005. Wanaosimulia habari hizo huliacha deni hilo nje ya simulizi, nami nadhani hilo ndilo linalomhusu zaidi mwenye duka wa kwetu, maana aliyekopa ili ajaze rafu ndiye anayeanguka mwanzo pale wateja wanapopungua hata kidogo.

Pamoja na misukosuko yote hiyo, katika mwaka 2024 ununuzi wa mtandaoni nchini Marekani ulikuwa takriban asilimia 16 tu ya mauzo yote ya rejareja. Amazon yenyewe, mwaka 2017, ililipa dola bilioni 13.7 kununua Whole Foods, kampuni iliyokuwa na maduka ya vyakula zaidi ya 400, yenye milango, rafu na wauzaji. Hata mkubwa wa mtandao, basi, aliona kwamba kuna biashara isiyofanyika bila duka.

Kwetu Tanzania mambo yamekwenda kwa njia yake. Jumia, kampuni kubwa ya soko la mtandaoni iliyoanzia Nigeria, ilifunga shughuli zake nchini Novemba 2019, na wapo waliosema siku zile kwamba Mtanzania hanunui asichokishika. Walikosea, kwa sababu biashara ile ilikwisha kushuka chini, ikaingia mikononi mwa watu wadogo wanaotumia vitu vilivyokuwepo tayari: simu ya mkononi, fedha za simu ambazo tumezizoea tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mabasi yanayopita kila siku. Mshindani wa aina hii hana ghala la kulipia wala wafanyakazi mia, hivyo si mtu wa kumngojea afilisike.

Pitia rafu zako kwa maswali matatu

Jioni moja baada ya kufunga duka, chukua daftari, uandike aina zote za bidhaa ulizonazo, kisha uiulize kila bidhaa maswali matatu.

La kwanza ni iwapo bidhaa hiyo ni ileile popote inapouzwa na inaelezeka kwa maneno machache. Chaja ya simu ya aina fulani, birika la umeme la chapa inayojulikana na manukato yaliyofungwa kwenye boksi lake ni bidhaa ambazo mteja akishajua jina amemaliza. Kilichobaki ni bei. Kiatu ni habari nyingine, kwa kuwa saizi 39 ya kiwanda kimoja ni 38 ya kiwanda kingine. Baibui linataka kuonwa linavyodondoka mwilini, leso inataka kushikwa ijulikane uzito wa pamba yake, na godoro hakuna anayelinunua bila kulikalia.

Swali la pili ni kama mteja anaweza kungoja. Sare za shule zinazotafutwa siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, balbu iliyoungua wakati wa Magharibi, koki ya bomba inayovuja, sanda, nepi za mtoto na betri ya saa ya ukutani havisubiri basi. Hapa duka lina nguvu ambayo winga hawezi kuinunua, lakini nguvu hiyo ipo tu ikiwa bidhaa yenyewe ipo. Duka linalomwambia mteja mwenye haraka kwamba mzigo utaingia wiki ijayo limejiondolea silaha yake lenyewe.

Swali la tatu linahusu uzito na udhaifu wa bidhaa safarini. Sahani za udongo, vioo, mapipa ya plastiki na magodoro hugharimu sana kusafirishwa kimoja kimoja, au hufika vimevunjika, na hivyo gharama ya safari inakulinda. Vitu vidogo, vyepesi na vyenye thamani, kama saa, simu, vipodozi na mikoba, havina ulinzi huo hata kidogo.

Ukimaliza, utaona kuna bidhaa zilizokosa ulinzi katika maswali yote matatu: ni zilezile popote, zinaweza kungojewa, na ni nyepesi. Hizo usiziongeze. Ziuze zilizopo kwa faida ndogo, fedha uihamishie kwenye zile zenye ulinzi angalau wa aina mbili. Uamuzi huu ni mgumu, kwa sababu mara nyingi bidhaa zisizo na ulinzi ndizo zilizompa mwenye duka faida kubwa zaidi miaka iliyopita, naye hupenda kuamini kwamba msimu tu umekuwa mbaya.

Piga hesabu kama mteja anavyoipiga

Wenye maduka wengi hulinganisha bei yao na bei ya Kariakoo wakakata tamaa, wakati mteja hafanyi ulinganisho huo. Yeye hujumlisha. Tuchukue mfano wa kubuni wa kiatu unachokinunua kwa jumla shilingi 18,000 na kukiuza 28,000. Winga anakitangaza kwa 22,000. Mteja wa Tanga akilipa 22,000 na 5,000 ya basi, amefika 27,000 kabla ya makato ya kutuma fedha na nauli ya bajaji kutoka Kange hadi nyumbani. Kwa jozi moja, basi, umeshindwa kwa shilingi 1,000 au hukushindwa kabisa, nawe unampa kiatu alichokijaribu, tena leo hii. Bei yako ya 28,000 inasimama.

Sasa tuseme walimu watatu wa shule moja wameagiza pamoja. Wao watalipa 66,000 kwa viatu na 5,000 kwa basi, jumla 71,000, ilhali kwako wangelipa 84,000. Tofauti imekuwa 13,000, na hapo maneno ya kujaribu na kuvaa leo hayatoshi. Hatari iliyo kubwa kwa duka la mkoani, kwa maoni yangu, haitoki kwa mteja mmoja mmoja. Inatoka kwenye kifurushi cha pamoja: kikundi cha vikoba, wafanyakazi wa ofisi moja, wanafunzi wa bweni moja, ambao wamegundua kwamba nauli ya mzigo inagawanyika.

Dawa yake ni kuwa na bei ya kikundi iliyoandikwa, nawe uitangaze kwa walengwa wenyewe. Katika mfano wetu, ukiuza jozi tatu kwa 72,000 umebakiwa na 18,000 juu ya bei ya kununulia, kwa mauzo ya mara moja, na mpinzani wako hana la kuongeza. Mtafute yule mtu mmoja katika kila kikundi ambaye wenzake humtuma kuagiza, kwa kuwa kila kikundi kina mtu huyo, na umpe punguzo lake. Kumshinda winga wa Kariakoo kwa kumpata winga wa kwako pale pale Tanga ni jambo la halali kabisa, mradi bei iwe wazi kwa wote.

Punguza mtaji unaolala rafuni

Duka la zamani lilipimwa kwa wingi wa mali, na mteja aliingia pale alipoona rafu zimejaa mpaka dari. Hesabu hiyo imebadilika. Mwenye jozi 60 za viatu vya miundo 10, kwa bei ya kununulia ya 18,000, amefunga shilingi 1,080,000, na sehemu ya jozi hizo ni saizi ambazo hutoka mara chache sana. Barabara ileile inayomletea mteja kifurushi inaweza kukuletea wewe pia. Weka jozi tatu tu za kila muundo, kwa saizi zinazotoka zaidi, na saizi nyingine uziagize mteja anapozihitaji. Umebaki na jozi 30 zenye thamani ya 540,000, na nusu nyingine ya fedha imekuwa huru kununua bidhaa zisizongoja.

Utaratibu huu hufanya kazi kwa masharti. Uwe na muuzaji wa jumla Kariakoo mnayeaminiana, anayepokea agizo la jozi moja kwa simu na kulipakia siku hiyohiyo. Ikiwezekana mkubaliane mali kauli, kwamba kisichouzika kinarudi ndani ya muda fulani. Mteja aweke arubuni, walau nusu ya bei, na umwandikie stakabadhi. Umwambie siku ya kuja kuchukua, na uiongeze siku moja mbele ya ile unayoitegemea, kwa maana mabasi huharibika na mvua za masika hazina adabu. Kiatu kikimkataa, yeye hapati hasara: kinabaki dukani kwako, naye anachagua kingine au anarudishiwa arubuni yake. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinachokutofautisha na kununua kwa winga, usikifute kwa uchoyo.

Onyesha bidhaa na bei

Wauzaji wa mtandaoni wana tabia ya kuweka picha bila bei na kumwambia mteja aulize faraghani. Sielewi kwa nini duka lenye mlango liige tabia hii. Mteja anayeulizia bei faraghani kwa wauzaji watano huishia kununua kwa yule aliyemjibu mwanzo, na mara nyingi hatakuwa wewe, kwani wewe unahudumia watu waliosimama mbele yako. Weka bei kwenye picha. Anayetaka kupatana atapatana tu, awe dukani au kwenye simu, biashara haigombi.

Programu ya WhatsApp Business ni ya bure na inamtosha mwenye duka la kawaida kuliko tovuti ya gharama. Ina sehemu ya katalogi unakoweka picha, maelezo na bei. Ina majibu yaliyoandaliwa kwa maswali yanayojirudia. Na ina lebo za kutenganisha mteja aliyelipa, anayesubiri mzigo na aliyeuliza tu. Tumia laini ya biashara, isiwe ile ya nyumbani, kwa kuwa siku utakapomwachia msaidizi simu hutapenda asome mazungumzo ya familia. Jina la duka, mahali lilipo na saa za kufungua uviingize pia kwenye Google Maps, jambo lisilo na malipo, ili mgeni aliyeteremka Kange akiuliza simu yake yanakouzwa mapazia Tanga, akuone.

Picha zipigwe kivulini barazani wakati wa asubuhi, si chini ya taa ya dukani inayogeuza rangi ya maziwa kuwa njano. Piga bidhaa unayoiuza wewe hasa, usichukue picha ya mtu mwingine. Kwa mkoba au chombo, weka rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Kama leso ina doa la kiwandani pembeni, lipige picha na uliseme. Mteja akiuliza, ajibiwe kwa lugha ya mtu na mtu: "Waalaikum salaam, mama. Kipo, saizi 38 na 39, bei ni shilingi 28,000. Utapita kukijaribu, au tumtume kijana akuletee?" Jibu kama hilo lina salamu, habari kamili na chaguo, na halimlazimishi kuuliza tena.

Stetasi ya WhatsApp ninaithamini kuliko kurasa nyingine zote kwa duka la Tanga, kwa kuwa huonwa na watu mliohifadhiana namba, yaani watu wanaokujua. Weka vitu vichache kila siku, hasa vilivyoingia siku ile. Mwenye kuweka picha arobaini kwa mkupuo hutazamwa tatu za mwanzo, kisha hurukwa.

Pokea fedha kwa njia inayolinda pande zote

Chukua Lipa Namba ya biashara kutoka kwa mtandao wako wa simu au benki yako, uibandike ukutani na kuiweka kwenye katalogi. Mteja anapolipa huona jina la duka, jambo linaloondoa hofu ya kumtumia mtu asiyemjua, nawe unapata orodha ya malipo isiyochanganyika na fedha za nyumbani. Usikabidhi mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja, wala kwa ujumbe uliofika kwako kutoka namba ya kawaida ukijifanya umetoka kwenye kampuni ya simu; angalia salio au orodha ya miamala yako mwenyewe. Ujumbe wa kitapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unajulikana kwa kila mtu, na bado unanasa watu, hasa wasaidizi wa duka walioachwa peke yao. Namba ya aliyeutuma hupelekwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040.

Mauzo ya simu ni mauzo, na yanadai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya risiti za kodi, kama yale ya kaunta kwa yeyote anayewajibika kuitoa. Ipige picha umtumie mteja pamoja na ujumbe wa kwamba mzigo umeondoka. Mazungumzo yenu usiyafute, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inayatambua makubaliano yaliyofanywa kwa njia hiyo. Na ule mtindo wa kuweka hadharani picha za miamala ya wateja ili kuonyesha kwamba watu wananunua, ukiwa na majina na namba zao, uachwe. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria hakuna mama anayependa mtaa wote ujue amenunua nini.

Peleka mzigo

Tanga ni mji tambarare na wa baiskeli, na jambo hili halijatumiwa vya kutosha. Kijana mwenye baiskeli yenye kapu anaweza kuzunguka Ngamiani, Makorora, Mabawa na Chumbageni mchana mmoja kwa gharama ndogo kuliko bodaboda, ambayo ibakizwe kwa Raskazone, Sahare, Pongwe na wenye haraka. Panga nyakati mbili za kupeleka, kabla ya Adhuhuri na baada ya Alasiri, uzitangaze, ili usimtume kijana kwa kila kifurushi. Gharama ya kupeleka itajwe pembeni ya bei, isifichwe ndani yake, kwa sababu mteja anayekuja mwenyewe hatakiwi kulipia safari ya mwenzake. Kulipa mzigo unapofika kuruhusiwe ndani ya mji pekee.

Kwa Muheza, Pangani, Korogwe na Lushoto utatumia mabasi na magari ya abiria, na hapo wewe unakuwa kwa watu wa wilayani vile Kariakoo ilivyo kwako, ukiwa karibu nao zaidi. Andika kwenye mzigo jina la mpokeaji na namba mbili za simu, piga picha mzigo pamoja na namba ya gari, umtumie mpokeaji kabla gari halijaondoka.

Pokea kinachorudi, na pokea hata kisicho chako

Aliyeletewa na winga kiatu kinachobana hana pa kukipeleka. Namba haipokelewi, au anaambiwa agharimie basi la kurudisha. Hapa ndipo duka lenye mlango lina jambo ambalo mtandao unalitafuta bila kulipata, na inashangaza kwamba bado kuta za maduka yetu zimebandikwa tangazo la kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Liondoe. Badala yake andika kwa maneno mafupi yanayosomeka: bidhaa isiyotumika, yenye risiti, hubadilishwa ndani ya siku tatu, yenye kasoro ya kiwandani hurudishiwa fedha, nguo za ndani na vipodozi vilivyofunguliwa havibadilishwi. Maneno hayohayo yawe kwenye katalogi. Utapata hasara kidogo kwa wenye kutumia vibaya ruhusa hiyo, nayo uihesabu kuwa gharama ya tangazo.

Ninalopendekeza sasa litawakera baadhi ya wafanyabiashara. Lifanye duka lako kuwa mahali pa kupokelea vifurushi vya watu walivyoagiza kwingine. Mama anayefanya kazi mpaka saa kumi na moja hapendi kwenda Kange. Akikubali mzigo wake uchukuliwe na kijana wako na ukamngoje dukani kwa ada ndogo, ataingia kwenye duka lako, atafungua mfuko mbele ya kioo chako, na kiatu kikimbana atageuka kutazama rafu iliyo nyuma yake. Weka daftari la kupokelea lenye sahihi, usipokee kifurushi kisichokuwa na jina la mtumaji na mpokeaji, mwenyewe akifungue mbele yako kabla hakijatoka, na ukatae vyakula vinavyoharibika na dawa. Anayeogopa kwamba atakuwa anamsaidia mshindani akumbuke kwamba kifurushi kile kimekwisha kununuliwa tayari.

Uza kwenda nje

Basi linaloleta kifurushi kutoka Dar es Salaam hurudi, nalo hurudi na nafasi. Hiliki, mdalasini na pilipili manga za milima ya Amani, vikapu na mazulia ya mkonge, na mafuta ya nazi ya Pangani ni vitu ambavyo mteja wa Dar es Salaam, Arusha au Dodoma hawezi kuvipata kwa uhakika wa asili yake isipokuwa kwa mtu aliye huku. Duka la vyombo linaweza kuviweka kwenye rafu moja na katalogi moja, likavijaribu kwa mtaji mdogo. Viungo vipimwe kwa mizani, vifungwe kwenye vifungashio vikavu, viandikwe tarehe. Na ukitaka kuvifanya bidhaa yenye nembo yako, fuata taratibu za TBS, shirika la viwango, kabla ya kuchapisha lebo. Sioni kwamba kila duka litafaulu katika hili, maana linahitaji subira na ukali wa ubora, lakini ndiyo njia pekee katika mwongozo huu inayomfanya mtu wa Tanga aingie sokoni akiwa na kitu ambacho Kariakoo inakitaka kutoka kwake.

Kabla ya kulipa pango jingine

Kwa muda wa miezi mitatu, andika kila mauzo yametoka wapi: aliyepita njiani akaingia, aliyeona stetasi akaja, aliyepelekewa, aliyetumiwa nje ya mji, na aliyekuja kuchukua kifurushi akanunua. Muulize tu mteja, "Umetujuaje?" Safu tano katika daftari zinatosha.

Daftari hilo ndilo litakaloamua habari ya fremu. Fremu iliyoko barabara yenye watu wengi hulipiwa, na pengine kununuliwa kwa kilemba kizito, yaani fedha ya kuingilia fremu, kwa sababu ya wapita njia. Ikiwa sehemu kubwa ya mauzo yako bado ni wapita njia, lipa na ukae. Ikiwa wengi wanakuja kwa sababu wamekwisha kuiona bidhaa kwenye simu, hao watakufuata hata ukihamia mtaa wa nyuma wenye pango nafuu, mradi pawe na nafasi ya kujaribia, kioo, kiti na mahali pa kuegesha baiskeli. Kwa vyovyote vile, mkataba unapokwisha, mwombe mwenye nyumba miezi sita badala ya mwaka, hata kama kodi ya mwezi itapanda kidogo, na usilipe kilemba kipya kwa mahali ambapo hujapima kwa daftari ni nani hasa anayeingia mlangoni.